USIFUNGUE MASHINE
Unyevu katika siku tatu za mwisho za kutotolesha vifaranga nyumbani

Malalamiko yamezidi. Tangu mashine ndogo za kutotoleshea vifaranga zianze kuuzwa kila mahali, wafugaji wanafika ofisini na trei za mayai viza wakidai wameuziwa mashine mbovu. Wapo hata wanaosema ofisi hii imekula njama na wauzaji. Hatujala njama na mtu. Mayai hayo tunayapasua mbele ya mwenyewe, na mara nyingi tunakuta kifaranga aliyekamilika, mwenye manyoya na mdomo, keshadonoa ganda na kufia papo hapo, utando umemgandia mwilini kama nailoni. Tunapomuuliza mwenyewe kama alifungua kifuniko, jibu huwa lile lile: “Nilichungulia kidogo tu.”

Huko kuchungulia ndiko kunakoua.

Yai la kuku hukaa siku 21. Kwa siku 18 za mwanzo linatakiwa kupoteza maji polepole kupitia vitundu vya ganda, ili chemba ya hewa iliyo upande wa butu ipanuke na kifaranga apate pumzi yake ya kwanza humo. Unyevu wa kipindi hiki ni asilimia 45 hadi 55. Yai lililoingia na gramu 60 lipungue kama gramu 7 kufikia siku ya 18. Asiye na mizani amulike yai kwa tochi gizani, aone chemba inavyokua. Maji yakizidi, chemba hubaki ndogo, na kifaranga aliyevimba huzama ndani ya yai lake mwenyewe.

Siku ya 19 utaratibu unabadilika. Acha kugeuza mayai, pandisha unyevu ufike asilimia 65 hadi 75, kisha funga kifuniko na usikiguse. Sasa utando unatakiwa kubaki laini ili kifaranga aweze kujizungusha na kulikata ganda. Ukifungua, hewa ya moto yenye mvuke inatoka mara moja na ya chumbani inaingia. Kipimo kitapanda tena baadaye, lakini utando uliokwisha kukauka haulainiki kirahisi.

Tangu kifaranga adonoe hadi atoke, saa 12 hadi 24 ni jambo la kawaida. Hajakwama, anapumzika. Usimbandue ganda, maana mishipa ya damu huenda bado inafanya kazi, na kitovu hakijafunga. Waliotoka nao wasikutie huruma: kiini cha yai kimeingia tumboni mwao na kinawatosha siku mbili bila punje wala maji. Usifungue kwa sababu umewasikia wakilia. Usifungue kumwonyesha jirani. Usifungue.

Maji yakipungua siku hizo, yaongeze kwa nje. Pitisha mpira mwembamba kwenye tundu la hewa hadi kwenye chombo cha maji, usukume maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano. Mpira huo uwekwe kabla ya siku ya 19. Chombo kifunikwe kwa wavu, vifaranga wasizame. Na kumbukeni kwamba unyevu unatokana na upana wa maji, kina hakisaidii. Sahani pana yenye maji ya kufunika kidole hushinda kopo refu lililojaa.

Kosa la pili kwa ubaya ni kuziba matundu ya hewa kwa matambara ili mvuke usitoke. Vifaranga wanaokaribia kutoka wanahitaji hewa kuliko wakati wowote. Mwenye kuziba matundu asije kulalamika hapa.

Mfugaji wa Pangani na wa Lushoto wasipeane vipimo vya maji. Hewa ya Pangani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ikipashwa hadi nyuzi 37.5 ndani ya mashine, hubaki na karibu asilimia 50 bila tone la maji. Kwa siku za mwanzo hiyo inatosha. Lushoto asubuhi ya ukungu mtu anaona umande kila mahali na kudhani unyevu upo, kumbe hewa hiyo ya baridi ikishapashwa inashuka hadi karibu asilimia 25. Huko maji ni lazima tangu siku ya kwanza.

Kipimo chenyewe cha unyevu pia kikaguliwe, kwani vile vidogo vya bei nafuu hudanganya. Jaza chumvi ya mezani kwenye kisoda, itie matone ya maji hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Iweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uache chumbani usiku mzima. Asubuhi kisome 75. Kikisoma 68, kila mara ongeza 7. Jaribio hili tumelifundisha kwenye mikutano ya vijiji kwa bidii ambayo, tunaona, haijashukuriwa ipasavyo.

Maelezo haya ni ya mayai ya kuku. Kware, kanga na bata wana siku zao, ulizeni.

Kuanzia sasa lalamiko la mashine litapokelewa likiwa na daftari: tarehe, joto, unyevu, asubuhi na jioni, siku zote 21. Huduma ni bure kwa mkazi mwenye barua ya mtendaji na mashine isiyozidi mayai 500. Masharti mengine yamebandikwa mlangoni. Njoo na daftari, kipimo chako na mayai matatu yaliyogoma. Chumvi tunayo. Kama bado kuna mayai yanayodonolewa ndani, mashine usiibebe. Iache nyumbani, imefungwa.