Mdogo Wangu, Jua Lako Liko Wapi?

Kwa penseli sina shida sana. Balaa huanza nikishika wino. Mwaka jana nilimchora bibi yangu akikaanga vitumbua alfajiri, barazani kwake Tanga, na mchoro wa penseli ukatoka vizuri mpaka nikaupiga picha. Kisha nikapitisha wino, nikapaka rangi. Jioni bibi alikuwa na uso wa tope, kikaango kinaelea hewani, na penye sikio pana doa kama nzi aliyetua.

Nikampelekea mchoro huo fundi mmoja wa mabango ya maduka, mtu anayekula kwa brashi. Hakutazama uso wala mikono.

"Mdogo wangu, jua lako liko wapi?"

"Halijachomoza, kaka. Ni alfajiri."

"Basi moto uko wapi?"

Moto nilikuwa nimeuchora, tena chini ya kikaango. Ila kivuli cha pua nilikuwa nimekishusha mdomoni, kama saa sita mchana. Mwanga unaotoka chini hukipandisha kivuli: cha pua huelekea machoni, cha shavu huelekea kwenye paji. Nilikuwa nimechora mama mwingine kabisa, aliyekaa juani.

Tangu siku hiyo, kabla ya wino, natia mshale mdogo wa penseli pembeni mwa karatasi: mwanga unatoka huku. Na nilirudi kwenye yai, zoezi nililokuwa nalidharau. Zima taa, weka yai juu ya karatasi nyeupe, limulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Weusi mzito wa yai lenyewe hauko ukingoni kabisa. Uko ndani kidogo, kwa kuwa karatasi inalirudishia yai mwanga kwa chini. Mimi nilikuwa nakoleza ukingoni kila mara, ndiyo maana mashavu yangu yalikuwa bapa kama sahani.

Kwenye wino, nusu ya kosa ilikuwa karatasi. Ile ya gramu 80 ya kuchapishia hunyonya wino na mstari ukaota manyoya. Sasa natumia ya gramu 200 au zaidi. Wino wenyewe naujaribu kwanza: nachora mstari kwenye kipande cha karatasi, nauacha ukauke, napitisha brashi yenye maji. Ukitoka, haufai kupakiwa rangi ya maji juu yake. Na usifute penseli haraka. Lile doa la sikioni lilitokana na raba niliyoipitisha baada ya dakika mbili tu, na hewa ya pwani haina haraka ya kukausha kitu. Mstari nao siuchori unene mmoja tena: upande wa kivuli naukandamiza, upande wa moto nauacha mwembamba, pengine hata unakatika.

Kuna wakati nilijitetea kwamba mimi nafuata mtindo wa Tingatinga, kwa hiyo vivuli vya nini? Ulikuwa uvivu. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya mafuta ya baiskeli kwenye vibao vya hadibodi, kweli bila kuhangaika na vivuli, lakini mnyama wake unamwona toka ng'ambo ya barabara kwa vile ameachana vizuri na rangi iliyo nyuma yake. Bibi yangu na ukuta wake walikuwa wamezama pamoja.

Tope la usoni lilitoka kwenye rangi nyeusi. Kila nilipotaka kivuli, niliichanganya na kahawia, na ngozi ikafa. Sasa kahawia naitengeneza mwenyewe kwa chungwa na bluu: karibu na moto chungwa inazidi, kivulini bluu. Naanza na nyepesi, nasubiri ikauke, naongeza. Pale shavu linapong'aa siongezi kitu, kwa sababu kwenye rangi za maji huwezi kurudisha weupe uliokwisha kuufunika. Nikishuku, naupiga mchoro picha na kuigeuza nyeusi na nyeupe kwenye simu. Uso ukipotelea ukutani, rangi haijakaa sawa hata kama ni nzuri kiasi gani.

Bibi nimemchora mara nne sasa. Katika mchoro huu wa mwisho, kivuli cha pua kinapanda na kikaango kimekalia mafiga. Moshi ndio unaonishinda: nikiupitishia wino unakuwa kamba, nikiuachia weupe wa karatasi unakuwa pamba. Kesho najaribu kuutia bluu nyepesi mno, bila mstari wowote.