Lambo la Udongo na Utoro Wake

Kwetu Nyabushozi, upande wa magharibi wa Uganda, mali ya mtu ni ng'ombe, na uhai wa ng'ombe ni maji. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, na kati ya Juni na Agosti nchi hukauka. Kwa hiyo mwenye mifugo akipata fedha hujenga lambo katika bonde la shamba lake. Nataka kueleza kwa ufupi jinsi lambo la namna hii linavyojengwa, na kwa nini laweza kuwa baraka kwa mwenyewe na msiba kwa jirani aliye chini yake.

Lambo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni tuta, yaani ukuta wa udongo unaokinga bonde na kuzuia maji. Ya pili ni bomba lenye koki, lipitalo chini ya tuta kupeleka maji kwenye birika la kunyweshea. Ya tatu ni utoro, yaani mfereji mpana kando ya tuta, ambamo maji ya ziada hutorokea lambo linapojaa. Mgeni akifika hutazama tuta, na mwenye lambo hujisifia tuta. Lakini mimi nasema kwamba sehemu ya kutazamwa kwanza ni utoro.

Tuanze na tuta. Msukumo wa maji hutegemea kina chake, wala si upana wa bwawa. Ndiyo maana tuta huwa jembamba juu na nene chini. Tuchukue tuta lenye kimo cha meta 4 na upana wa meta 3 juu. Kwa kawaida, upande wa maji hulazwa meta 3 kwa kila meta 1 ya kimo, na upande wa nje meta 2. Basi upana wa chini ni 3 + 12 + 8, yaani meta 23. Hilo si ukuta wa nyumba, ni kilima kidogo!

Kabla ya kujaza udongo, hapana budi kuondoa majani, mizizi na udongo wa juu. Kisha huchimbwa handaki katikati mpaka kufikia ardhi ngumu, nalo hujazwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini ya tuta. Udongo huwekwa tabaka moja moja, kama sentimeta 15, hutiwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka tabaka jingine. Mtu akimwaga udongo wote kwa mara moja, tuta litashuka, litapasuka na kuvuja.

Sasa tufike kwenye utoro. Mvua kubwa huleta maji mengi kuliko lambo linavyoweza kubeba. Maji yale yasipopata njia kando, yatapita juu ya tuta. Ukuta wa mawe na saruji waweza kustahimili kwa muda, lakini udongo hauwezi. Maji yanayomwagika huchimba upande wa nje, huanza kijifereji, kijifereji huwa korongo, na baada ya muda mfupi tuta lote hukatika. Kwa sababu hiyo sakafu ya utoro lazima iwe chini ya kilele cha tuta, na utoro uwe mpana kwa kadiri ya bonde linaloleta maji.

Pengine msomaji atasema, "Lambo dogo litamdhuru nani?" Tupige hesabu. Lambo la urefu wa meta 50, upana wa meta 40 na kina cha wastani cha meta 2 lina meta za ujazo 4,000. Kila moja ina uzito wa tani 1. Basi hizo ni tani 4,000 zinazongoja juu ya nyumba za watu.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua jambo hili. Tarehe 9 Mei 1918 haikuwa, bali tarehe 9 Mei 2018, usiku, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba moja la binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wakiwamo watoto wengi.

Huko Marekani nako kulikuwa na bwawa la udongo la South Fork, katika jimbo la Pennsylvania, lenye kimo cha futi 72. Lilijengwa na serikali ya jimbo ili kuupa maji mfereji wa mashua, kisha likauzwa. Mabomba ya kutolea maji yakaondolewa. Mwaka 1879 likawa mali ya chama cha matajiri waliopenda kuvua samaki. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapite, na wavu uliwekwa kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilikuwa kubwa mno, takataka zikaziba wavu, na maji yakapita juu ya tuta. Gharika likaukumba mji wa Johnstown, bondeni, na watu zaidi ya 2,200 wakafa. Kila badiliko lilionekana dogo, tena lilikuwa na faida kwa wenyewe. Waliolipa ni wengine.

Ninyi mliomaliza shule na sasa mna mashamba, nawaomba mkumbuke mambo haya. Msijenge bila fundi na bila kibali cha serikali. Msipande miti juu ya tuta, maana mizizi ikioza huacha matundu. Pandeni majani mafupi. Fukieni mashimo ya fuko na panya. Tuta likivuja, yatazameni maji yenyewe: yakiwa safi, endeleeni kuyaangalia, yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani, basi fungueni bomba, punguzeni maji na kuwaonya walio chini. Na kila mwaka, kabla ya mvua, safisheni utoro, wala msiuzibe kwa tamaa ya kuongeza maji.

Nasi wanafunzi tukirudi likizo tunaweza kwenda kuutazama utoro wa lambo la kijijini kwetu. Ukiwa umeziba, tumwambie mwenyewe kwa heshima, mapema, kabla mawingu hayajakusanyika.