Dondoo muhimu: Kupima kasi ya STP na RSTP kwenye swichi

STP na RSTP ni itifaki zinazozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi. Kabla ya kuchagua mojawapo, pima mtandao unachukua muda gani kurudi waya ukikatika.

1. Usipime watu wakiwa kazini.
2. Teua swichi kuu (root) mwenyewe: ipe kipaumbele cha namba ndogo, kwa mfano 4096.
3. Tuma pingi kila sekunde 0.1, zikipotea 300 mfululizo, mtandao ulikatika takriban sekunde 30.
4. Chomoa waya unaopitisha data, si ule uliozuiwa na itifaki.
5. STP tarajia sekunde 30 hadi 50. RSTP, sekunde chache au pungufu.
6. Kagua kila swichi: iliyobaki na STP huchelewesha jirani zake.
7. Poti za kompyuta ziweke kuwa za pembeni (edge). Zinazounganisha swichi, kamwe.
8. Rudia jaribio, uandike kila matokeo.