Waterloo ni ipi hasa?

Swali: Kwa nini jina Waterloo linaonekana Ubelgiji, London na hata Sierra Leone?

Jibu: Waterloo ya kwanza ni mji wa Ubelgiji, kusini mwa Brussels. Tarehe 18 Juni 1815 Napoleon alishindwa karibu na hapo na majeshi ya Uingereza, washirika wake na Prussia. Mapigano yenyewe yalikuwa nje ya mji, upande wa Mont-Saint-Jean, lakini kamanda wa Waingereza, Wellington, alikuwa na makao yake Waterloo, na taarifa yake ya ushindi ikatoka na jina hilo. Ndiyo maana vita vikaitwa hivyo.

Kuanzia hapo jina likahama mkono kwa mkono. Daraja jipya la Mto Thames, lililofunguliwa 1817, lilipewa jina la vita; kituo cha reli cha 1848 kikachukua jina la daraja, si la mji wala la vita moja kwa moja. Huko Sierra Leone, askari Weusi wa Uingereza walioachishwa jeshi walipewa makazi mwaka 1819, nayo yakaitwa Waterloo.

Jina la kamanda nalo lilisafiri vivyo hivyo. Cheo chake kilitokana na mji wa Wellington katika Somerset, Uingereza. Baadaye mji mkuu wa New Zealand ukaitwa kwa heshima yake.

Msomaji akikuta Waterloo katika hati ya zamani, atazame kwanza nchi na mwaka.