Umma Ulio Chini ya Nyayo Zetu



Ndugu zangu katika imani, katika Suratul-An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma kama tulivyo sisi. Tukiisoma aya hii huwa tunawakumbuka ng'ombe, nyuki na chungu. Leo tumtazame kiumbe ambaye hatumkumbuki kabisa.

Anaitwa protura. Familia yake mojawapo, Eosentomidae, huishi kwenye udongo wenye unyevu na majani yaliyooza sehemu nyingi za dunia. Urefu wake haupiti milimita 2. Hana mbawa, hana macho, wala hana vipapasio kichwani. Huinua miguu ya mbele na kupapasa nayo njia gizani. Wengi wa jamaa zake hawana matundu ya kupumulia, lakini yeye anayo jozi 2 kifuani. Akianguliwa, tumbo lake lina pingili 9, kisha huongezeka hadi 12. Baadhi ya protura wameonekana wakifyonza kuvu waliozunguka mizizi ya miti, wale wanaousaidia mti kupata maji na madini. Mtaalamu wa kwanza kumwelezea protura ni Mtaliano Filippo Silvestri, mwaka 1907.

Funzo la kwanza: tusikimbilie kudai kuwa Qur'ani ilimtaja protura. Haikumtaja kwa jina, na imani yetu haihitaji dai hilo. Suratu Hud, aya ya 6, inatutosha: kila kitembeacho ardhini, riziki yake iko kwa Allah. Kabla ya 1907 hakuna mwanachuoni aliyemjua protura, na bado hakukosa chakula chake. Basi nasi, tunaohangaikia ada na ajira, tusidhani tumesahauliwa.

Funzo la pili: katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Nabii mmoja aliumwa na chungu, akaamuru kijiji chao kichomwe moto. Allah akamlaumu kwa kuuteketeza umma unaomtukuza kwa sababu ya chungu mmoja. Sitoi fatwa juu ya kuchoma magugu. Nasema tu kwamba kabla ya kuwasha kiberiti, tujiulize kama kuna haja. Majani yale yakiachwa yaoze, huwa mboji.

Mei 2023 mto Sebeya ulipofurika hapa Rubavu, tuliwalilia waliokufa na waliobomolewa nyumba, na ilikuwa haki yao. Lakini tope lile lilikuwa udongo wa vilima vyetu, pamoja na umma ulioishi ndani yake. Kupanda mti kwenye mteremko ni sadaka kwa jirani aliye bondeni, na kwa jirani asiye na macho pia.

Wabillahi tawfiiq.