Umemuuliza dada yako?

Shikamoo Mama. Mimi ni daktari mtarajali hapa Mwanza, nimebakiza miezi 2 nimalize mwaka wangu. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Dada yangu akaacha shule kidato cha pili, akaanza kuuza dagaa Sengerema ili mimi nisome. Sasa kila mtu ananiuliza nitasomea ubingwa gani. Mjomba anasema upasuaji, ndiko kwenye heshima. Mwenzangu anasema radiolojia, hakuna kukesha sana. Bosi wangu anasema nina mikono ya kupasua. Mimi moyo wangu uko kwenye usingizi. Lakini daktari wa usingizi nani anamjua? Mgonjwa akiamka anamshukuru aliyempasua. Dada huwaambia watu sokoni kuwa mdogo wake anapasua. Nikimwambia nimekuwa daktari wa kulaza watu, nitakuwa nimemlipa nini?
Mtarajali, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa kurasa 4 nami nimeikata sana, unisamehe. Nyingi zilikuwa hesabu za mishahara. Niliisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilishika kalamu nikapigia mstari kila mahali mtu anaposema neno. Mjomba anasema. Mwenzako anasema. Bosi anasema. Hata mwenye nyumba wako ana lake. Dada yako, ambaye kwa ajili yake ndiyo huli hulali, hajasema lolote kwako. Unayajua ya sokoni tu, anayowaambia wanunuzi wake. Wewe umemuuliza lini?

Ya njia za masomo nayapita haraka, unayajua kuliko mimi. Upasuaji unaweza kuusomea chuoni, Muhimbili, KCMC au hapo hapo Bugando, au ukiwa kazini kupitia chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, na huko ni miaka 5. Madaktari wa usingizi nao wana chuo chao cha kanda. Radiolojia ni kazi ya maana kwa aliyeipenda, na wewe hujaandika popote kwamba unaipenda. Bosi amekusifu mikono, mshukuru.

Sasa turudi ukurasa wa 3. Umeeleza usiku mmoja wa mama aliyeletwa kujifungua kwa upasuaji. Amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, na dakika chache baadaye presha inaporomoka. Wapasuaji hawajainua macho. Daktari wa usingizi anainamisha meza kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa, anaingiza dawa, anaongeza maji, na muda wote anaongea na yule mama kwa sauti ya chini kama vile hakuna kitu. Presha ikapanda. Mtoto akalia. Unasema wewe ulitakiwa kushika vyuma vya kuachanisha jeraha, lakini macho yako yalikuwa kichwani pa mgonjwa. Katika kurasa zote 4, hapo pekee hukutaja pesa wala maoni ya mtu mwingine.

Mwanangu wa pili alizaliwa kwa upasuaji. Aliyenipasua namkumbuka jina, kweli. Ila ninachokumbuka zaidi ni kiganja juu ya paji la uso wangu, na mtu akiniambia, "Niko hapa, siondoki." Jina lake silijui hadi leo. Nimemwombea dua miaka yote hiyo bila jina. Kwa hiyo usiniambie habari za "daktari wa kulaza watu". Maneno hayo nimeyasoma kwa uchungu, kwa sababu hayakutoka kwa dada wala kwa mjomba. Umeyaandika wewe, daktari. Hospitali nyingi za wilaya hazina hata bingwa mmoja wa usingizi; kazi hiyo imebebwa na wauguzi na maofisa tabibu waliopewa mafunzo, na mara nyingi aliye zamu yuko peke yake na hana wa kumpigia simu. Kazi hiyo ukiitaja kwa dharau hivyo, dada ataionaje?

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni hilo neno "nimemlipa". Deni la Bodi ya Mikopo unalijua: ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wako, na ipo siku litaisha. La dada hujui ni kiasi gani, maana yeye hajawahi kukudai. Basi umejipangia mwenyewe malipo: maisha yako yote ndani ya kazi usiyoichagua, ili yeye apate la kusema sokoni. Umemfanya mdai bila kumwuliza. Nami nasema hilo si shukrani. Unamwogopa.

Mtu aliyekusomesha ana haki kwako, na mimi si wa kuipunguza. Ana haki ya kuonekana nyumbani kwake, na wewe umeandika kwamba hujafika Sengerema tangu uanze utarajali. Siku hizi huna hata kisingizio cha foleni ya kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Ana haki ya kupimwa presha na mdogo wake daktari, ya kusaidiwa mtaji au ada ya wanawe, na ya kuambiwa ukweli mapema, kabla hajautangaza uongo kwa wateja wake wote. Kukuchagulia ubingwa hakumo humo. Na nina hakika hajakuomba.

Kwa hiyo zamu yako ya mapumziko ijayo, panda gari. Usimpigie simu, nenda. Kaa naye kibandani pake mpaka wateja wapungue. Mwambie hivi: "Dada, mama akipasuliwa, kuna mtu anakaa kichwani pake kumshikilia asiende moja kwa moja. Huyo ndiye nataka kuwa." Usimtajie mjomba. Mwache aulize anayotaka kuuliza, hata mshahara.

Halafu umwulize, kwa kuwa sidhani kama kuna mtu amewahi kumwuliza tangu kidato cha pili, yeye alitaka kusomea nini. Ana miaka mingapi sasa? Hilo nalo hukuniandikia.