Vyombo vya Kale Vina Maneno

Thika na Ruiru ni miji inayokua. Palipokuwa mashamba huchimbwa misingi ya nyumba, na jembe hufika mahali ambapo halikufika tangu enzi za mababu. Kwa hiyo yafaa wakaaji wake wafahamu yaliyotukia katika kijiji cha Rogozen, nchi ya Bulgaria, mwaka 1985.

Mkulima mmoja alipokuwa akichimba bustanini kwake alikuta vyombo 65 vya fedha. Wataalamu wa makumbusho walipopashwa habari, walichimba papo hapo wakapata vingine 100. Vilikuwa mabakuli na mabirika ya Wathrakia, watu walioishi huko zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Fundi alilifua bamba la fedha kwa nyuma hata sura ikajitokeza mbele, kisha akatia nakshi. Baadhi ya vyombo vimeandikwa jina la mfalme Kotys. Wathrakia hawakuacha vitabu vya historia yao. Basi bakuli lenye jina hilo ni shahidi mkubwa.

Je, nchi ya Thika ilikosa mafundi? La, hasha. Wahunzi wa Kikuyu, waitwao aturi, waliosha mchanga wenye chuma, wakauyeyusha kwa moto wa makaa uliovuviwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakafua panga, mikuki na mapambo. Jirani zao Wakamba walisifiwa kwa mikufu myembamba ya waya wa chuma na shaba. Mhunzi aliheshimiwa, na laana yake iliogopwa sana. Chuma cha ng'ambo kilipokuja kwa bei rahisi, kazi ya kuyeyusha mchanga ilikoma; vilivyobaki ni vyombo vyenyewe.

Mkufu wa nyanya ukiuzwa kama chuma chakavu, mnunuzi hulipa uzito tu. Ustadi wa fundi haulipi hata senti. Ukiisha kuyeyushwa, hakuna awezaye kuurudisha.

Basi mtu akikuta kitu cha kale ardhini, na afanye hivi. Kwanza, asikisugue wala kukinyoosha. Pili, apatie alama mahali alipokiona, maana mahali nako ni sehemu ya habari. Tatu, aiarifu Makumbusho ya Taifa, kama itakavyo sheria ya mwaka 2006. Na aliye na mkufu wa wazee nyumbani, awaulize wangali hai: ulifuliwa na nani, tena ulivaliwa lini? Majibu yao ayaandike, kwa kuwa chuma hicho hakikuandikwa jina.